Petroli yenye spiriti na injini inayolala

Pampu ya maji ya petroli kule Migwani haifanyi kazi mwaka mzima. Mvua za vuli zinapoanza mwezi Oktoba, mkulima hugeukia ndengu, kunde na mtama, mto huanza kupitisha maji yake wenyewe, na pampu hurudishwa nyumbani ikawekwa stoo kando ya magunia, tangi likiwa na mafuta nusu. Hukaa humo hadi Januari au Februari, jua linaporejea na sukuma wiki ya bondeni inapoanza kunyauka. Siku ya kuiamsha, kamba huvutwa mpaka bega liume. Injini hukohoa mara moja, ikazima, ikakataa kabisa.

Ikifikishwa kwa fundi, swali la kwanza huwa lile lile: "Mama, hii ilikaa na mafuta tangu lini?" Kabla hajajibiwa, fundi ameshafungua bakuli la chini la kabureta, lile dogo lenye boya. Ndani mna utomvu wenye rangi ya strungi, na tundu la jeti limezibika. Petroli ikikaa sana, sehemu zake nyepesi hupeperuka, na zinazobaki hushikana na hewa zikageuka gundi. Fundi analoweka jeti, analipuliza, anachokonoa kwa uzi mmoja uliotolewa kwenye waya wa umeme, na pampu inarudi shambani. Hasara ni siku moja na pesa kidogo.

Hayo yote ni ya petroli tupu. Ikitiwa ethanoli, ile spiriti inayopatikana kwa kuchachusha na kukeneka molasi ya miwa, mambo hubadilika, na pampu hiyo inayolala stoo ndiyo itakayoumia kwanza. Nayaandika haya kwa sababu hoja ya kuchanganya petroli na spiriti haijafa nchini Kenya. Hurudi kila bei ya mafuta inapopanda na kila wakulima wa miwa wanapokosa soko. Wanaoijadili hutaja magari ya Nairobi na viwanda vya magharibi. Mwenye pampu ya Migwani, mwenye jenereta ya kuendeshea kinyozi kule Thitani, mwenye pawa soo ya kupasulia mbao, hao hawatajwi, na injini zao ni nzee.

Tulishapita njia hii. Bei ya mafuta duniani ilipopaa mwaka 1973 na tena 1979, serikali iliiona molasi ya viwanda vya sukari kuwa mali inayomwagwa bure. Kampuni ya Agro-Chemical and Food ilianzishwa mwaka 1978 huko Muhoroni, na mwaka 1983 petroli iliyotiwa spiriti ikaingia sokoni kwa jina la gasohol: sehemu 10 za spiriti kwa sehemu 90 za petroli. Kiwanda kingine kilichoanzwa kujengwa Kisumu kwa nia hiyo hiyo kilikwama kabla ya kukamilika. Gasohol iliuzwa kwa takriban miaka 10 na ikakoma mwaka 1993. Kilichoimaliza ni hesabu. Bei iliyowekwa na serikali haikumlipa vizuri mwenye spiriti, na kampuni kubwa za mafuta hazikuupenda mpango huo tangu mwanzo.

Majirani zetu wa kusini hawakuacha. Malawi ilianza mwaka 1982 kwa spiriti ya Dwangwa, kando ya Ziwa Malawi, na bado inachanganya. Zimbabwe ilianza mwaka 1980 kwa spiriti ya kiwanda cha Triangle, ikasimama miaka mingi, kisha ikairudia, na tangu 2013 kuchanganya ni lazima kisheria. Brazili, iliyoanza mpango wake mwaka 1975, sasa imefika asilimia 30. Kwa hiyo asiwepo wa kusema jambo hili haliwezekani. Linawezekana, na mkulima wa miwa wa Muhoroni ana haki ya kulitaka. Mimi silipingi. Ninachokikataa ni kulianzisha kimyakimya, mwenye injini kuukuu akaja kulijua siku kamba inapogoma.

Waliolijua mapema tatizo la injini inayolala ni watu wa mbali sana na Migwani: wenye mashua za tanga. Mashua ya tanga huenda kwa upepo. Injini yake ni ya kuingilia na kutokea bandarini, ya kuvuka mkondo mwembamba, ya siku upepo unapokufa. Huko Marekani, mashua nyingi za miaka ya nyuma zilifungwa injini ya petroli iitwayo Atomic 4, iliyoundwa na kampuni ya Universal ya Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Ilianza kutengenezwa mwaka 1947, ikaendelea hadi miaka ya 1980, na zaidi ya injini 40,000 zilitoka kiwandani. Nyingi bado zinanguruma. Lakini ziliundwa kabla petroli yenye spiriti haijaenea nchini humo, na wakati wa baridi hukaa miezi mingi bila kuguswa, kama pampu yetu wakati wa mvua.

Mwaka 2004 majimbo ya New York na Connecticut yalipiga marufuku kemikali moja iliyokuwa ikiongezwa kwenye petroli kwa sababu ilichafua maji ya visima. Nafasi yake ikachukuliwa na ethanoli. Haukupita muda, wenye boti za zamani zenye matangi ya faiba wakaanza kukuta uchafu mweusi wenye kunata kwenye valvu za injini zao. Spiriti ilikuwa imeyeyusha gundi ya faiba ya tangi na kuipeleka ndani ya injini. Tangi la namna hiyo halina dawa. Hung'olewa likawekwa jingine, na kwenye boti ya zamani hiyo ni kazi ya kukata sitaha.

Kwetu, jambo hili ni la kuangaliwa na watu wa Lamu na Vanga kabla ya wengine. Mashua nyingi za pwani zina tanga na injini ya petroli ya kufunga nyuma, hewa ni ya chumvi na unyevu mchana na usiku, na mafuta hubebwa kwenye majerikeni yanayokaa wazi juu ya sitaha. Injini hizo nyingi ni za mipigo miwili, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli. Maji yakiingia na spiriti ikajitenga na petroli, pistoni hukosa ulainisho wake. Yamaha na Honda husema wazi katika vijitabu vyao kwamba injini zao huvumilia ethanoli hadi asilimia 10. Hilo ni la injini inayotunzwa. Injini ya mkono wa tatu yenye mipira ya zamani ni jambo jingine.

Turudi Migwani tuutazame undani wa tatizo. Petroli na maji havichanganyiki. Tone la maji likiingia kwenye tangi la petroli tupu, hutua chini likakaa peke yake, na fundi akifungua skrubu ya chini humwaga tone hilo. Ethanoli ndiyo inayopenda maji. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli huyanywa maji ikayaficha ndani yake usiyaone, lakini ina kiwango chake, karibu nusu ya asilimia moja. Tangi la pampu ndogo hubeba lita 3 hivi. Nusu ya asilimia ya lita 3 ni kijiko kimoja cha mezani. Maji yakizidi hapo, sehemu kubwa ya ethanoli iliyoyanywa huiacha petroli, ikashuka nayo chini. Sasa chini hakuna tone tena. Kuna tabaka la spiriti na maji, na huko ndiko mpira wa mafuta unakovuta. Injini hupewa kitu kisichowaka vizuri. Petroli iliyobaki juu nayo imepoteza kinga dhidi ya kugonga iliyokuwa imepewa na spiriti, kwa hiyo hata ukimwaga tabaka la chini, iliyosalia inaweza kuifanya injini igonge.

Baridi huharakisha mambo. Mafuta yaliyoonekana safi saa nane mchana yanaweza kutengana alfajiri ya Julai, wakati Ukambani watu wanajifunika mablanketi mawili. Kutikisa hakusaidii, na dawa za kuongeza zinazouzwa kwenye vichupa haziyarudishi mafuta yaliyokwisha kutengana.

Maji hayo yatoke wapi na Migwani ni kukavu? Unyevu wa hewa huingia kupitia tundu la kifuniko, ila polepole. Kwenye tangi lililojaa nusu, joto la mchana na baridi ya usiku hutengeneza umande kwenye kuta za ndani. Lakini naamini adui mkubwa kwetu ni jerikeni. Jerikeni linalosuuzwa mtoni, likatingishwa, likapelekwa kituoni likiwa na maji kidogo kwenye kona ya chini, limeshabeba kijiko kile. Chupa za petroli zinazouzwa kando ya njia vijijini, zilizokuwa za soda au maji, nazo ni vivyo hivyo.

Kuna mengine mawili ambayo fundi atayaona kabla ya mwenye pampu. Ethanoli ni kiyeyushi. Ikiingia kwenye tangi la zamani huosha kutu na gundi ya miaka mingi na kuvisukuma vyote kuelekea filta na jeti, kwa hiyo injini iliyokuwa ikifanya kazi vizuri huziba mara tu mafuta mapya yanapoanza kutumika, na mwenyewe akadhani ameuziwa mafuta mabaya. Pia huvimbisha na kulainisha mipira ya zamani na gasketi. Ukiubana mpira wa mafuta kwa vidole ukahisi umekuwa laini na wenye kunata, au ukauona umepasuka vinyufa, huo haufai kuguswa na spiriti. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta hayo hupatikana na si ghali ukilinganishwa na pampu iliyoshika moto.

La pili ni joto. Ethanoli ina oksijeni ndani yake, na lita yake ina theluthi moja ya nguvu pungufu kuliko petroli. Kwenye mchanganyiko wa asilimia 10 upungufu ni kama asilimia 3, ambao wengi hawatauhisi mfukoni. Lakini kabureta la zamani halina kompyuta ya kujirekebisha kama gari la kisasa. Hupitisha kiasi kile kile cha mafuta lilichopangiwa, na sasa injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Huwaka kwa joto kali zaidi. Pampu inayovuta maji saa sita mfululizo kwenye jua la Februari haihitaji joto la ziada.

Bodaboda watasema, je, na sisi? Jibu lao liko India, kwa sababu pikipiki nyingi za Ukambani, Bajaj na TVS, asili yake ni huko. India imepandisha ethanoli hadi asilimia 20 nchi nzima mwaka 2025. Wenye magari na pikipiki za zamani walilalamika sana, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wakitaka waachiwe petroli isiyo na spiriti, na Septemba 2025 ikatupwa. Bodaboda ana nafuu moja: hujaza asubuhi na kumaliza jioni, mafuta hayapati nafasi ya kulala. Kwa hiyo hofu yangu kubwa si yake.

Uingereza ilishika njia ya busara zaidi. Septemba 2021 ilipopeleka asilimia 10 vituoni, iliacha petroli ya daraja la juu yenye asilimia 5 tu kwa ajili ya magari ya zamani, boti na mashine za bustani, na ikataka kila pampu iwe na alama. Marekani, ambako asilimia 15 inaruhusiwa kwa magari ya kuanzia mwaka 2001, sheria inakataza mafuta hayo kutiwa kwenye boti, pikipiki na injini ndogo, na kibandiko cha rangi ya machungwa hulisema hilo pale pale kwenye pampu.

Kuna jambo moja la Kitui na Makueni ambalo nchi hizo hazina, nalo ndilo linaloniumiza zaidi. Maji yetu ya kiangazi yako chini ya mchanga. Ukuta wa zege hujengwa kukata mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe zake hadi kiangazi, jua lisiyafikie. Shirika la Sasol la Kitui na vikundi vya akina mama na vijana vimejenga mamia ya mabwawa hayo. Watu huchimba shimo mchangani wakateka maji ya kunywa, na hatua chache kutoka hapo, pampu ya petroli imewekwa kwenye ukingo ikivuta maji ya nyanya na vitunguu.

Mafuta yaliyotengana hayawaki vizuri, na mtu aliyeshikwa na hasira huyamwaga pale pale. Mchanga huyanywa yote. Petroli ina benzini, inayosababisha saratani, na ethanoli inaifanya idumu zaidi majini. Vijidudu vya udongoni vinavyoweza kuila benzini huikimbilia ethanoli kwanza kwa sababu ni chakula rahisi, vikamaliza oksijeni iliyomo, na benzini ikaendelea kusafiri na maji. Kwa hiyo mafuta mabovu yasimwagwe mtoni wala karibu na mto. Yawekwe kwenye chombo cha chuma kilichofungwa, apewe fundi ayatumie kuoshea vyuma, mbali na moto.

Wengine watasema nishati ya mimea ni moja tu, ukikataa spiriti umeikataa yote. Sivyo. Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu za nyonyo, croton na pamba huko Makueni, na mwaka huo huo mafuta ya kwanza yakasafirishwa kwenda kiwanda chake cha Gela, Sicily. Yakipitishwa humo kwa haidrojeni, hutoka dizeli au mafuta ya ndege yasiyo na spiriti ndani yake na yasiyopenda maji. Nyonyo humea katika udongo wa Ukambani bila kubembelezwa. Barabara ya lami inayotoka Kibwezi ikapita Mutomo na Kitui hadi Migwani inaunganisha kaunti hizi mbili, na mkulima wa ndengu anaweza kupeleka gunia la nyonyo kwa njia hiyo. Tukijadili mafuta ya mimea, tujadili na hayo.

Kabla hatujafika huko, mwenye pampu asisubiri serikali. Ukitaka kujua kama petroli uliyonunua ina spiriti, nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa na utafute chupa ya kioo, ndefu na nyembamba. Tia maji mililita 20, weka alama ya kalamu au plasta mahali maji yanapoishia, kisha ongeza petroli mililita 180. Funga, tikisa, fungua kidogo kutoa hewa, acha itulie dakika chache. Kama mstari wa maji umebaki kwenye alama yako, hakuna spiriti. Kama umepanda ukakaribia mara mbili, spiriti imo, kiasi cha asilimia 10. Fanya kazi hiyo nje, pasiwe na jiko, sigara wala jenereta inayowaka, na chupa hiyo isirudi jikoni kamwe. Ila jaribio hili halitakuonyesha mafuta taa. Wizi wa kuchanganya mafuta taa na petroli ni ugonjwa mwingine, na ndio ulioifanya serikali mwaka 2018 kuweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa.

Msimu ukiisha, funga bomba la mafuta injini ikiwa inawaka uiache izime yenyewe, ili kabureta libaki tupu. Halafu mwaga tangi lote ndani ya pikipiki, itatumika kesho yake. Tangi likauke au lijae hadi kwenye kifuniko, nusu ndiyo mbaya. Usinyonye mafuta kwa mdomo. Jerikeni la petroli lisiwe la maji hata siku moja, na liwe na alama yake.

Kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, na Shirika la Viwango, KEBS, ombi ni fupi. Ikiwa gasohol itarudi, kila pampu ya kituo iandikwe kiasi cha spiriti kilichomo, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Kila mji wenye vituo vya mafuta, Migwani ikiwemo, ubakiziwe angalau bomba moja lisilo na spiriti kwa ajili ya injini za zamani, na bei yake isiwe adhabu. Wenye injini hizo watangaziwe miezi sita mapema kupitia redio za Kikamba na mikutano ya machifu, kabla ya mvua za vuli, wakati pampu bado ziko mtoni na wenye nazo wako kando yake.